Wima, Mpango na Majira: Historia ya Jina la Jira la y kwa Ushahidi wa Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Katika ufundishaji wa jiometri bapa na grafu kwa Kiswahili, jira la y hutajwa mara nyingi kwa neno wima: mhimili wima, umbali wa wima, kwenda wima. Makala haya yanafuatilia historia ya namna tatu za kulitaja jira hilo, yaani kwa mkao, kwa mpango na kwa herufi. Namna hizo zinapimwa kwa historia ya upimaji na uhesabuji katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kuanzia msafara wa Speke wa mwaka 1861 hadi takwimu za wakimbizi wa mwaka 1994. Hoja kuu ni kwamba wima ni jina la mstari uliochorwa, si jina la namba. Mambo hayo mawili yanapobebeshwa neno moja, mwanafunzi hushindwa kutofautisha kaskazini, kimo na idadi. Makala yanapendekeza neno wima libaki kwa mhimili, na neno jira litumike kwa namba.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1967 ulikuwa wa maamuzi makubwa kwa lugha ya elimu nchini Tanzania. Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea viliambatana na uamuzi wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Tangu hapo hisabati imefundishwa kwa Kiswahili kwa mamilioni ya watoto. Hata hivyo, mlango wa sekondari umebaki wa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na chuo kikuu, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa.

Matokeo yake ni kwamba istilahi nyingi za hisabati za Kiswahili huishi maisha mafupi akilini mwa mwanafunzi. Huzaliwa darasani, hufanya kazi miaka michache, kisha huachwa mlangoni mwa kidato cha kwanza. Istilahi ya namna hiyo haipati nafasi ya kusahihishwa na matumizi ya juu zaidi. Dosari ambayo ingeonekana katika kalkulasi au katika upimaji wa ardhi haionekani, kwa sababu neno halikufika huko. Neno wima linapotumika kutaja jira la y ni mfano wa dosari ya aina hiyo.

Ngara na Biharamulo zimeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo ambalo Kiswahili cha shule hukutana na lugha mama zenye namna zao za kutaja mkao: Kihangaza na Kishubi, ambazo Guthrie aliziweka kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha, pamoja na Kizinza kilicho karibu na Kihaya. Pili, ni eneo ambalo jira la y limewahi kuwa jambo zito nje ya daftari: katika safari, katika ramani, katika mpaka na katika hesabu ya watu.

2.0 Mpango kabla ya mkao

Ni rahisi kudhani kwamba jira la y liliitwa wima tangu mwanzo kwa kuwa ndivyo linavyochorwa. Historia inaonesha kinyume. Apollonius wa Perga, aliyeandika juu ya mikato ya pia katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alizungumzia mistari iliyochorwa sambamba, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye kipenyo hadi kwenye mchirizo. Sifa aliyoipa mistari hiyo ilikuwa kwamba imechorwa kwa utaratibu. Haikulazimika kusimama kwa pembe mraba. Ingeweza kuinama kwa hanamu, ilimradi yote iiname sawasawa.

Watafsiri wa Kilatini waliibeba dhana hiyo katika neno ordinata, yaani iliyopangwa. René Descartes, ambaye mfumo wa majira hupewa jina lake, hakuchora katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637 ile misalaba ya mihimili miwili tunayoifahamu leo. Alitumia mstari mmoja wa msingi na kupima kutoka kwake, mara nyingi kwa hanamu. Matumizi ya kitaalamu ya istilahi ya majira yanahusishwa na Leibniz, mnamo mwaka 1692. Msalaba wenye mkono mmoja uliolala na mwingine uliosimama ni mazoea ya uchoraji yaliyokomaa baadaye.

Lugha za leo zimerithi historia hiyo kwa njia tofauti. Kifaransa, lugha ambayo mwanafunzi wa Burundi hukutana nayo ng'ambo tu ya mpaka wa Ngara, husema ordonnée, yaani iliyopangwa. Kiarabu hutaja jira hilo kwa herufi ya sadi, kama sisi tunavyotumia y. Kiswahili cha darasani kimeshikilia mkao. Kwa hiyo watoto wawili wanaoishi kilomita chache kutoka wao kwa wao wanaweza kuchora grafu ileile, mmoja akiitaja namba yake ya pili kwa mpango, mwingine kwa kusimama.

3.0 Wima na majira katika Kiswahili

3.1 Wima

Neno wima limetokana na kitenzi kwima, chenye maana ya kusimama, ambacho bado husikika katika lahaja za kaskazini na katika ushairi wa kale. Mzizi wake ni wa Kibantu na umeenea sana. Kiganda husema okuyimirira na Kizulu ukuma. Kwa maana hiyo wima ni mkao wa mwili kabla ya kuwa istilahi ya jiometri. Mtu husimama wima, nguzo husimamishwa wima, na fundi mwashi huhakikisha wima wa ukuta kwa timazi. Timazi haidanganyi kwa kuwa inafuata mvuto wa dunia. Wima wa fundi ni wa kweli: uko mmoja tu kila mahali uliposimama.

Katika Kinyarwanda mstari wa aina hiyo huitwa umurongo uhagaze, yaani mstari uliosimama, kutokana na kitenzi guhagarara. Mtoto mwenye lugha mama ya jamii hiyo anapofika shuleni na kuambiwa mhimili wima, haoni ugeni wowote. Sitiari ya kusimama inalingana na anayoijua nyumbani. Hapo ndipo uzuri na hatari ya istilahi hii vinapokutana. Zubeida Tumbo-Masabo na Mwansoko, katika mwongozo wao wa uundaji wa istilahi wa mwaka 1992, waliweka bayana kanuni zinazoongoza kazi hiyo. Kwa kigezo cha uangavu, wima lingepata alama zote. Kwa kigezo cha usahihi linayumba, kwa sababu karatasi ikilazwa mezani hakuna mstari wowote juu yake ambao timazi ingeukubali kuwa wima.

3.2 Majira

Neno la pili lina historia iliyo bora zaidi. Majira limetoka katika Kiarabu majra, njia ya kitu kinachokwenda au kutiririka, na katika Kiswahili cha mabaharia lilikuwa na maana ya mwelekeo wa chombo baharini. Nahodha hushika majira. Chombo kikikosea, kimepotea majira. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaihifadhi maana hiyo ya ubaharia pamoja na ile ya wakati na msimu.

Kimofolojia, silabi ma katika neno hilo si kiambishi cha ngeli. Ni sehemu ya shina la Kiarabu. Lakini sikio la Kibantu lililisikia kama wingi, na likapata umoja wake: jira. Mchakato huo ni uleule uliolipa neno kitabu wingi wa vitabu, ijapokuwa ki yake ni ya Kiarabu. Mtu asiuone kuwa ni kosa. Uchanganuzi upya wa namna hii ndio uliozipa istilahi za hisabati jozi ya umoja na wingi inayofanya kazi vizuri: jira moja ni namba moja, majira mawili ni mahali pa nukta. Kutokana nayo tumepata majiranukta, neno linalotumika sana leo katika jiografia. Jira linasema tu kwamba hii ni mojawapo ya namba zinazokuongoza hadi mahali. Halidai kwamba namba hiyo imesimama wala imelala.

4.0 Ngara na Biharamulo: y moja, mambo manne

4.1 Nyota na maji yanayochemka

Mwaka 1861 msafara wa John Hanning Speke na James Grant ulipita Uzinza na Usui, nchi ya mtemi Suwarora, katika eneo la Biharamulo ya leo, kabla ya kufika Karagwe kwa Rumanika. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Miongoni mwa viongozi wa wapagazi alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Katika mizigo mlikuwamo sekstanti na vipimajoto vya kupimia kiwango cha kuchemka kwa maji. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kiliambatishwa orodha ya vituo pamoja na latitudo, longitudo na kimo chake.

Vipimo viwili kati ya hivyo vinatuhusu. Latitudo ilipatikana kwa kupima pembe ya jua au nyota kutoka upeo wa macho kwenda juu. Kimo kilipatikana kwa kuchemsha maji, kwa kuwa kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, takribani nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Pembe ya nyota ilikuwa wima halisi, lakini ilipohamishiwa kwenye ramani ikawa umbali uliolala, wa kaskazini na kusini. Kimo cha mlima, ambacho mguu wa mpagazi ulikijua kuwa wima kuliko vyote, hakikupata mhimili wowote kwenye karatasi. Kiliandikwa kama namba pembeni mwa jina la kituo. Yaani tangu vipimo hivyo vya 1861, y ya ramani na wima wa nchi vilikuwa vitu viwili.

4.2 Ramani

Tofauti hiyo imebaki katika ramani za leo. Katika mfumo wa gridi unaotumika katika ramani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, Ngara na Biharamulo ziko katika kanda ya 36, inayoanza longitudo ya nyuzi 30 mashariki na yenye longitudo ya kati ya nyuzi 33. Ili kuepuka namba hasi kusini mwa ikweta, ikweta yenyewe hupewa thamani ya mita 10,000,000, na namba hupungua kadiri unavyokwenda kusini. Mji wa Ngara, ulio karibu na nyuzi 2 na dakika 28 kusini, una y ya takribani kilomita 9,730. Biharamulo, iliyo kusini kidogo, ina y ya takribani kilomita 9,710. Kwa x, Ngara ina takribani kilomita 240 na Biharamulo 310.

Mwanafunzi anayeambiwa kwamba y ni wima atasoma nini hapo? Ngara ni nchi ya vilima na mabonde, na kontua za ramani hiyohiyo zinamwonesha kimo cha kila kilima. Ana namba mbili zinazogombea neno moja: ile ya pembezoni mwa ramani, inayopanda akielekea kaskazini hata kama njia inateremka bondeni, na ile ya kontua, inayopanda akipanda. Akiziita zote wima, atasema kwamba mji wenye y kubwa zaidi uko juu zaidi. Kauli hiyo inaweza kutokea kuwa kweli kwa Ngara na Biharamulo, lakini itakuwa kweli kwa bahati tu. Jibu sahihi lililopatikana kwa hoja potofu ni gumu kulisahihisha kuliko kosa la wazi, kwa sababu hakuna anayelitilia shaka.

4.3 Mpaka

Katika mkoa huohuo, jira la y limewahi kuwa mpaka wa dola. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliweka mpaka wa magharibi mwa Ziwa Viktoria kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini, mstari wenye y isiyobadilika ambao hakuna mlima wala mto unaouonesha. Upande wa Ngara historia ilikwenda kinyume. Makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliipa Uingereza sehemu ya mashariki ya Rwanda, Gisaka, lakini katika miaka michache iliyofuata sehemu hiyo ilirudishwa, na Mto Kagera ukawa mpaka. Kwa hiyo Kagera ya magharibi ina mpaka unaoonekana kwa macho, na Kagera ya kaskazini ina mpaka unaohesabiwa.

Tofauti ya mipaka hiyo miwili ililipiwa kwa damu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliiteka ardhi iliyo kati ya mstari wa nyuzi 1 na Mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa mto ndio mpaka. Vita vilivyofuata, hadi mwaka 1979, viliurudisha mpaka kwenye mstari usioonekana. Lugha inayotaka raia wake waelewe jambo hilo inahitaji neno la namba inayopanga mahali. Neno wima halisaidii hapa, kwa sababu mstari wa y isiyobadilika umelala.

4.4 Watu

Katika grafu, y huacha kabisa kuwa umbali. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takribani watu 250,000 walivuka kutoka Rwanda kupitia Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Anayechora idadi hiyo kwa miezi katika mhimili wa chini atapata mstari unaopanda karibu wima kabisa mwishoni mwa Aprili. Anayeichora kwa saa atapata mteremko unaopanda hatua kwa hatua. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni kipimo cha wakati.

Hapa neno wima linatumika kwa vitu vitatu ndani ya sentensi moja: mhimili unaobeba idadi, mkao wa mstari uliochorwa, na idadi yenyewe. Mwanafunzi akisema wima ni 250,000, hatujui kama ameielewa grafu. Zaidi ya hayo, mstari ulio wima kabisa haungeweza kueleza tukio lile. Ungedai kwamba katika dakika moja palikuwa na idadi nyingi tofauti kwa pamoja. Mtoto wa Ngara anastahili istilahi inayomwezesha kuisoma grafu ya historia ya wilaya yake bila kuuchanganya umbo la mstari na hesabu ya watu.

5.0 Ushahidi kutoka katika shairi

Inaweza kudaiwa kwamba dhana ya mpango ni dhahania mno kwa mtoto, na kwamba mkao ni rahisi. Fasihi ya Kiswahili inalijibu dai hilo. Chukua shairi la tarbia lenye mishororo minne, kila mshororo wenye mizani 16, na vina vya kati na vya mwisho katika mizani ya 8 na ya 16. Mahali pa kila silabi katika ubeti panajulikana kwa namba mbili: mizani na mshororo. Kina cha kati cha mshororo wa tatu kiko (8, 3). Huo ni mfumo kamili wa majira, na wanafunzi wetu huutumia kila wanapohakiki arudhi.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, namba ya mshororo huongezeka ikishuka: wa kwanza uko juu, wa nne chini. Ndivyo ilivyo pia katika skrini za kompyuta, ambako nukta za picha huhesabiwa kuanzia kona ya juu. Pili, katika miswada ya hati za Kiarabu mizani huhesabiwa kutoka kulia kwenda kushoto, na shairi halibadiliki. Tatu, shairi likighaniwa halina juu wala chini. Msikilizaji asiyejua kusoma hulitambua kina kilichokosewa, kwa sababu anaushika mpango. Safu ya vina tunayoiona ikishuka ukurasani ni kivuli cha utaratibu ambao sikio lilikuwa nao kabla ya karatasi. Mpango, basi, si dhana ngeni kwa mzungumzaji wa Kiswahili.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba wima liondolewe katika jiometri. Ni neno zuri, lenye mizizi mirefu, na fundi mwenye timazi hatafuti jingine. Linachodaiwa ni kila neno lifanye kazi yake. Mhimili uliochorwa ukisimama kwenye ubao na uitwe mhimili wima. Namba ya pili ya nukta na iitwe jira la y, au jira la pili panapohitajika kusisitiza mpangilio. Kimo kibaki kwa milima, kaskazini kwa ramani, na idadi kwa watu.

Pendekezo hili halihitaji neno jipya hata moja. Linahitaji uangalifu wa waandishi wa vitabu vya kiada, wahariri wa kamusi na walimu wa vyuo vya ualimu. Linakumbusha pia kwamba istilahi hupimwa kwa umbali inaoweza kusafiri. Mjadala wa kuipeleka hisabati ya Kiswahili hadi sekondari haujafungwa. Siku uamuzi huo utakapofanywa, neno litakalomfikisha mwanafunzi wa Biharamulo katika upimaji wa ardhi na takwimu litakuwa lile lililotoka kwa mabaharia. Wao walijua kwamba kushika majira ni kujua ulipo na unakoelekea, hata pale ambapo jicho halioni nchi kavu.